Nampeleka Mzee Unguja siku tatu: anayezijua hoteli za nyumba za kale Mji Mkongwe anisaidie

Binti_Mwalimu

Habari za humu jamani. Samahani kwa urefu, naombeni mnivumilie.

Baba yangu alifundisha historia sekondari miaka 34, mkoani Kilimanjaro. Sasa ana miaka 71. Kafundisha Sayyid Said kuhamishia makao Unguja kutoka Maskati, kafundisha karafuu, kafundisha soko la watumwa, kafundisha vita ya Waingereza na Sultan wa Zanzibar ya mwaka 1896. Hiyo vita ndiyo alikuwa anaipenda. Ilichukua dakika kama 38 na kipindi cha shule ni dakika 40, kwa hiyo alikuwa anavua saa, anaiweka mezani, anawaambia wanafunzi: "Kengele ikilia, Sultan keshakimbia." Nimekutana na watu wazima Dar wananitajia ile saa.

Ila Zanzibar yenyewe hajawahi kuikanyaga. Hata boti hajawahi kupanda. Kila mwaka kulikuwa na jambo: ada zetu, paa la nyumba, mama kuumwa. Mama alitutoka mwaka juzi. Mwaka huu nimepata kahela ka pembeni, nikamwambia Mzee jiandae, mwanzoni mwa Juni tunavuka.

Nilitaka kumpeleka hoteli ya ufukweni apumzike. Akanijibu: "Mchanga nimeuona Tanga." Anataka kulala ndani ya nyumba ya zamani, Mji Mkongwe, nyumba yenye historia. Mimi huko nimewahi kwenda mara moja tu kwa semina ya kazini, tukalala nje ya mji, sijui lolote.

Sasa naomba kujua: hizo nyumba zilizogeuzwa hoteli zinalalika kweli, au ni picha za mtandaoni tu? Ipi ina historia ya kweli na si ya kutungiwa wageni? Mzee ana goti la kushoto bovu, anatembelea fimbo. Na sisi Watanzania tunalipa bei ile ile ya Wazungu? Bajeti yangu ni ya mtumishi wa kawaida, mnielewe.

Mkongwe_wa_Kigamboni

Dada ushauri wa bure kabisa: Nungwi. AC, runinga, bahari hiyo hapo mlangoni. Hizo nyumba za kale ni giza, joto na ngazi. Mimi nililala moja 2019, nikaamka asubuhi nina chokaa kwenye nyusi. Nimelipia na chokaa.

Bi_Mapokezi

Mwanangu, kwanza mpe Mwalimu shikamoo yangu. Na huyo wa Kigamboni mwacheni, chokaa haijaua mtu.

Mie nimekaa mapokezi miaka 19, nyumba tatu mbalimbali humu humu Mji Mkongwe, sasa nimepumzika, nakaanga bajia zangu. Ntakwambia kitu ambacho wenye hoteli hawakwambii: usichague hoteli, chagua chumba. Nyumba ile ile moja, namba 3 utasema umo peponi, namba 5 utaomba kurudi kwenu usiku huo huo. Hoteli za kisasa vyumba vyote mapacha, ukiona kimoja umeviona vyote. Hizi zetu hazikujengwa ziwe hoteli. Zilijengwa na matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi wakae na wake zao na watoto wao na watumishi wao, kila pembe na kazi yake.

Kuta ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene nusu mita na kuzidi. Dari ni boriti za mikoko. Sasa mkoko haukui mrefu upendavyo wewe. Boriti ya kutegemeka ni kama mita tatu. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa kirefu kama behewa lakini upana ni ule ule wa boriti, hauzidi. Ukitia samadari katikati, unapita ubavu ubavu. Wageni wangapi wamenijia mezani: "Dada, chumba chembamba." Nawajibu, nendeni mkailalamikie mikoko.

Kwa Mwalimu, habari ni ngazi. Ngazi za nyumba hizi zimesimama wima, kidato kimoja kirefu, cha pili kifupi, na pengine hakuna pa kushika ila kamba. Mtu atakwambia basi chukua cha chini kabisa. Hapana! Chini ndiko kulikokuwa na maghala na maduka na watumishi. Dirisha linatazama kichochoro, unyevunyevu unapanda ukutani, na vespa zinapita sentimita kumi kutoka sikio lako. Cha juu kabisa ndicho chenye upepo na ndicho cha kwenye picha, lakini muulize goti lake kwanza. Mwombee ghorofa ya kwanza, upande wa uwani. Ule uwazi wa katikati ya nyumba ndio mapafu yake, hewa ya moto inatokea pale. Na usitume ujumbe, piga simu. Mwambie kijana wa mapokezi atoke kitini ahesabu vidato kutoka mlangoni mpaka kitandani akwambie namba. Akikuambia "vichache tu mama," huyo hajahesabu.

Historia sasa, maana ndiyo Mwalimu anayoitaka.

Hurumzi, jengo la Tharia Topan, ndimo ilimo Emerson on Hurumzi. Topan alikuwa tajiri wa Kiismailia, ndiye aliyesimamia forodha zama za Sultan Sayyid Barghash, na ndiye aliyeanzisha ile Zahanati ya Kale ya pale baharini yenye roshani za mbao kama kitambaa cha lesi. Jiwe la msingi liliwekwa 1887. Hilo jina la mtaa wazee wanasema limetokana na "huru mzee", pale Waingereza walipokuwa wakilipa fidia watumwa waachwe. Mle ndani kulifunguliwa na makumbusho madogo ya Bibi Salme, binti Sayyid Said. Vyumba vizuri, mapazia, madirisha ya rangi, lakini ngazi zake ni mlima. Hata chai ya juu ya paa, Mwalimu ajipange, apande pole pole, apumzike njiani.

Shangani kuna Africa House. Hiyo ilikuwa klabu ya Waingereza. Babu yangu mie angeingia mle kwa kubeba trei tu. Leo mtu yeyote anakaa pale juu magharibi anatazama jua likizama. Hoteli ya Tembo iko hapo hapo pwani, jengo lake liliwahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani. Pombe hawauzi, kama Mwalimu si mtu wa vinywaji atapenda utulivu wake. Serena ilikuwa nyumba ya telegrafu, zile simu za waya wa chini ya bahari, na nyumba ya pili yake walikaa madaktari wa Kichina. Waya wa simu kutoka Aden ulifika hapa 1879, mwambie Mwalimu, ataifurahia hiyo. Ile kubwa ya Park Hyatt nusu yake ni Mambo Msiige, nyumba ya Mwarabu tajiri ya karne ya 19, baadaye wakakaa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kisha Waingereza na ofisi zao. Mambo Msiige, na bei yake pia msiige.

Malindi, karibu na bandari, iko Kholle House, ya Bibi Kholle binti Sayyid Said. Dada yake Salme kwa baba. Kama unataka nyumba ya ukoo wa Sultan bila ya kuhadithiwa uongo, hiyo ni mojawapo. Uongo upo mwingi, mwanangu. Utaonyeshwa nyumba aliyozaliwa yule mwimbaji Freddie Mercury, na ukipinda kona utaonyeshwa nyingine.

Bei ya mkaazi ipo, lakini hawaitangazi. Uitaje wewe mwanzo kabisa wa simu, na uulize kama kodi imo ndani yake. Na Juni mwanzoni umechagua vyema, masika yamekwisha na wageni wa Julai hawajafika. Ungenambia Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, ningekwambia ukalale kwa shangazi yako.

KijanaWaKibokoni

Huyu Bi anasema kweli tupu. Mimi mtu wa Mombasa, Kibokoni, nimezaliwa ndani ya nyumba za namna hiyo, kwa hivyo nilidhani sina la kufunzwa. Tulipooana 2017 nikampeleka mke wangu Unguja kwa fungate. Nikachagua kwa picha: kitanda cha samadari, petali za waridi, beseni la kuogea la shaba katikati ya chumba. Jina la hoteli sitalitaja.

Tumeingia, mke wangu akauliza choo kiko wapi. Yule kijana akavuta pazia. Pazia, ndugu zangu! Hakuna mlango. Mke wa siku nne, na mimi tumbo lilikuwa limenisokota tangu kwenye boti. Nilikuwa nashuka ngazi tatu usiku kwenda choo cha pale mapokezi kwa sababu ya haya. Halafu juu ya dari yetu ndipo palipo tangi la maji, na pampu walikuwa wakiiwasha saa kumi usiku. Nilidhani ni meli inatia nanga.

Kwa hivyo dada ongeza kwa yale maswali ya Bi: choo kina mlango? Tangi na pampu viko wapi? Jenereta ni ya nani na iko upande gani?

Watu hulinganisha na hoteli kongwe za Nairobi, wakaona za Unguja zina kasoro. Norfolk ilifunguliwa 1904, Stanley ilianza 1902, lakini zile tangu siku ya kwanza zilikuwa hoteli. Aliyejenga alijua mgeni atakuja na sanduku lake na atataka maji. Nyumba ya Mji Mkongwe aliyejenga alitaka mgeni asione ndani. Ukipita mlango unakutana na ukuta, unapinda, ndipo ukumbi. Hoteli imekuja kujibanza mle baadaye, na mabomba yamepitishwa palipopatikana. Ukilijua hilo hukasiriki sana. Mimi nilikasirika kwa sababu sikuwa nimelijua.

Binti_Mwalimu

Shikamoo Bi Mapokezi, nimekusoma mara tatu. Kaka wa Kibokoni pole, nimecheka mpaka nimeulizwa ofisini kuna nini.

Nimempigia Mzee nikamsomea yote kwa simu. Kwenye waya wa Aden alinikatiza, akasema "ngoja nichukue kalamu."

Nina mawili. La kwanza, Mzee aliona kwenye taarifa ya habari Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultan, ilivyoanguka, ananiuliza hizo nyumba nyingine ziko salama? La pili, nimepata sehemu ya bei nafuu kweli, hosteli iliyo kwenye majengo ya misheni pale Kanisa la Mkunazini. Nikasoma kwamba chini yake ndiko kuna vile vyumba wanavyoonyesha kuwa walifungiwa watumwa. Ngazi si nyingi, bei inanifaa, historia ipo tele. Lakini sijui kama ni sawa kulala hapo. Nyie mnaonaje?

Bi_Mapokezi

Marahaba mwanangu.

Beit al-Ajaib ilitutoa machozi sote. Sayyid Barghash kaijenga 1883, imepigwa mizinga ya 1896 ikasimama, halafu tarehe 25 Desemba 2020, mchana kweupe, upande mmoja ukashuka, na watu wawili wakafa. Nyumba hizi haziuliwi na uzee. Zinauliwa na maji. Mvua ikipata upenyo juu ya paa inaingia ukutani, inafika kwenye kichwa cha boriti kilichochomekwa mle, boriti inaoza kwa ndani huku nje unaiona nzima. Kisha anakuja fundi wa haraka, anapiga plasta ya saruji. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Maji yaliyokwishaingia yanabaki ndani yanatafuna. Ukiona ukuta umevimba kama mandazi na rangi inabanduka vipande vipande, pale pana saruji juu ya unyevu.

Hoteli inayojitunza utaijua kwa harufu. Ukifungua mlango wa chumba, vuta pumzi. Harufu ya udi sawa, harufu ya chokaa mpya sawa. Harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, omba chumba kingine. Tazama na dari: boriti zinyooke. Moja ikiwa imefanya tumbo, usilale chini yake. Chokaa kumdondokea mtu kwenye nyusi, hiyo ni kawaida, nyumba inakuwa inajikuna.

Kuhusu Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na mwaka huo huo wakaanza kujenga kanisa hapo hapo, Askofu Steere yule aliyeandika sana Kiswahili chetu. Yeye mwenyewe kazikwa mle. Wageni wengi hulala hosteli ile, watu wema, pasafi. Wengine hulipa na saa mbili baadaye wanakuja kwetu na mabegi wanauliza kama tuna nafasi. Sikuwahi kuwauliza kwa nini. Hilo si langu wala lako, muulize Mwalimu.

Mkongwe_wa_Kigamboni

Bi nimeinua mikono. "Inakuwa inajikuna", nitaitumia hiyo kazini.

Na nikiri: ninayesema hivi natoka mji uliovunja ya kwake. Dar palikuwa na hoteli ya Kaiserhof ya Wajerumani, ikaja kuitwa New Africa. Marehemu babu alikuwa anaisimulia veranda yake. Ya kale ilibomolewa, iliyopo sasa ni ghorofa la vioo, jina ndilo limebaki. Nimepita pale miaka na miaka bila kujua. Mpeleke Mzee, dada.

Binti_Mwalimu

Nimemuuliza. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, akasema: "Huko nitakwenda mchana, nitasimama, nitaondoka. Kulala, silali." Kwa hiyo hapana.

Nimepiga simu nyumba tano kama Bi alivyonielekeza. Mbili walisema "vichache tu". Moja hawakupokea. Ya nne yule kaka alicheka, lakini akaenda kweli, nikasikia anahesabu kwa sauti akipanda. 23. Choo kina mlango (nimeuliza, kaka wa Kibokoni, akanyamaza kwanza ndipo akajibu). Ya tano sikuisubiri. Tumepata bei ya mkazi, ghorofa ya kwanza, upande wa uani. Ni nyumba ndogo mtaa wa Kiponda, si maarufu. Nitarudi kuwapa mrejesho.

Binti_Mwalimu

Tumerudi Jumapili, wiki sasa. Mrejesho niliowaahidi.

Boti: safari ya karibu saa mbili. Mzee alikataa kukaa ndani, akasimama nje kashikilia chuma, mara moja akatapika kwenye mfuko kwa heshima zote, akafunga fundo, akaendelea kutazama. Bandarini tukamchukua hamali mwenye mkokoteni kwa sababu gari haliingii kule tulikofikia. Ilikuwa akili, maana vile vichochoro ningemzungusha Mzee mpaka magharibi.

Mlango wa nyumba ulimchukua dakika ishirini kabla hatujaingia. Nilikuwa nimeshika mabegi. Akaniambia uliokatwa mraba juu, ndio wa mtindo wa Waarabu. Wenye upinde juu ni wa baadaye, wa mkono wa Kihindi. Akapapasa mnyororo uliochongwa kwenye mwimo, akaingiza kidole kwenye kila pete, moja moja, mpaka chini alipoishia kuinama. Kijana wa mapokezi akatoka na maji ya ukwaju, akasubiri pamoja nami. Hakusema neno. Huyo kijana Mungu ambariki.

Vidato ni 23 kweli. Nilivihesabu, na Mzee naye alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini mbele yangu. Kwenye cha 14 kuna kimoja kirefu kuliko vyote, hapo alisema neno la Kichaga ambalo sitaliandika.

Chumba kilikuwa chembamba kama alivyosema Bi. Samadari mbili kwa urefu, moja nyuma ya nyingine, kama kweli tuko kwenye behewa. Hakukuwa na AC, kulikuwa na feni, na kwa Juni ilitosha kabisa, usiku wa pili nilijifunika. Kasoro nazo zilikuwepo. Maji ya moto yalikuja pale yalipojisikia. Dirisha la mbao halikufunga vizuri, na alfajiri adhana ilianza msikiti mmoja, ukajibu wa pili, wa tatu, mpaka nikakaa kitandani. Mzee alikuwa ameshaamka. Alikuwa amelala chali na tochi ya simu anahesabu boriti. Ziko 26 juu ya chumba chetu. Kaziandika kwenye daftari la shule, lile la mistari, na upande wa kulia kaandika upana wa chumba aliopima kwa fimbo yake: fimbo tatu na shubiri moja.

Tulikwenda Mkunazini mchana. Alisimama. Ndani ya kanisa mwongoza wageni akaeleza zile nguzo zilizosimikwa juu chini, kwamba mafundi walikosea Steere akiwa safarini. Wageni wote wakacheka. Mzee hakucheka. Kule chini kwenye vile vyumba alishuka peke yake, akanikatalia kumshika mkono na lile goti lake, akakaa muda, akapanda. Tulitembea mpaka Darajani bila kuongea. Pale akanunua embe, akalila amesimama, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Sijawahi kumwona baba yangu anakula barabarani.

Halafu Bi Mapokezi! Nilimtumia ujumbe tu kumshukuru, akaja mwenyewe jioni na bajia na mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Wakakaa barazani na Mzee. Walianza kwa adabu, Mwalimu huku, Bi huku. Baada ya robo saa walikuwa wanabishana kuhusu Sayyid Khalid, yule Sultan wa vita ya 1896, Mzee anasema alikimbilia ubalozi wa Wajerumani ndipo akachukuliwa kwenda Dar, Bi anasema hilo analijua, lakini alikimbia kwa njia ipi? Bibi yake alimwambia njia moja, kitabu cha Mzee kinasema nyingine. Majirani wakaongezeka. Mzee mmoja wa Kihindi akatoka na kiti chake kabisa. Mimi nilikula bajia zote.

Kwa atakayeuliza gharama: kwa bei ya mkazi, siku tatu pamoja na kifungua kinywa zimenigharimu pungufu ya ile hoteli ya ufukweni niliyoitaka mwanzo. Goti lilivimba siku mbili, limerudi.

Na wewe wa Kigamboni: usiku wa mwisho chokaa ilimdondokea, kipande cha ukubwa wa kucha, kwenye paji la uso. Nikaruka nikidhani amekasirika. Kakiweka kwenye bahasha, kaandika juu yake tarehe na namba ya chumba.